Hisa 14 za mdogo wangu

Mlango wa kwanza aliouza mdogo wangu ulikuwa mlango wa choo. Mama aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akachukua ndoo yake ya maji ya kutawadha, akatoka uani, akakuta uwazi. Bawaba zimeng'olewa, misumari imetupwa chini. Kwa muda mrefu watu wa nyumba nzima, wapangaji pamoja, walijisitiri kwa leso iliyotundikwa mlangoni. Hakuna aliyeuliza. Watu wa mtaa wetu wa Majengo, Mombasa, wana adabu ya kutouliza jambo ambalo jibu lake wanalijua.

Baada ya mlango zikafuata sufuria. Skrepu hununuliwa kwa kilo, na mnunuzi haulizi sufuria imetoka jikoni kwa nani. Ikaondoka koki ya bomba, ukaondoka mtungi wa gesi, ikaondoka cherehani ya marehemu nyanya. Kila kilichoondoka Mama alikisindikiza kwa maneno yale yale: "Vitu vyaja, mwanangu."

Naandika haya kwa idhini yake. Nilimsomea kurasa zote akiwa amekaa kitandani na tasbihi mkononi, akanikataza jambo moja tu, nisitaje jina la mwanawe. Kwa hivyo humu ataitwa mdogo wangu, na ndivyo alivyo.

Mdogo wangu ana miaka 34. Alikuwa kivuli cha Baba. Baba akienda msikitini, yeye yuko nyuma na kikoi kinachoburura. Baba akienda Kongowea kununua viazi, yeye ndiye mbeba kikapu. Alipomaliza shule akapata kibarua bandarini, na ni katika miaka hiyo ya kungoja kuitwa kazini, asubuhi watu mia wanasimama langoni na wanachukuliwa kumi, ndipo alipozoeana na maskani, kijiwe cha wavuta unga. Unga, yaani heroini, uliingia pwani hii tangu miaka ya themanini, kabla yeye hajazaliwa. Alizaliwa akaukuta mtaani, kama alivyoikuta misikiti na viwanja vya mpira.

Nataka msomaji ambaye hajapata kuishi na teja, mtu aliyetekwa na unga, aelewe jambo moja. Hakuwa anaiba kwa ajili ya starehe. Starehe iliisha zamani. Alikuwa akiikimbia arosto, ile hali ya mwili kudai dawa: mafua yasiyokauka, tumbo kuendesha, mifupa kuuma, ngozi kusisimka kama mtu aliyelala juu ya siafu. Nimemwona akijiviringisha kwenye saruji ya ukumbini, mwanamume mzima, akimwita mama. Na nimemwona mama huyo huyo akiingia chumbani, akafungua sanduku, akampa shilingi mia mbili akijua zinakwenda wapi. Siku hizo nilimlaumu, lakini sasa simlaumu.

Mimi nimeolewa Tudor, na mdogo wetu wa mwisho yuko Malindi na mumewe. Nyumbani walibaki Mama, mdogo wangu, na wapangaji wa vyumba vitatu. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, jiko na choo uani. Nyumba ni ya marehemu Baba, ila ardhi si yetu. Ni nyumba bila ardhi, kama zilivyo nyingi Majengo. Kila mwezi tunalipa kodi ya uwanja kwa mwenye ardhi na kuomba Mungu asiamke siku moja akataka kuuza. Baba alifariki 2015, na sisi, kama familia nyingi, tukalia, tukasoma khitma, tukarudi kwenye shughuli zetu bila kugawa mirathi. Kuwaambia ndugu zako "tugawe" wakati kaburi halijakauka kunaonekana ni uroho, na kaburi likishakauka mtu ameshasahau. Uvivu huo ulikuja kutugharimu.

Kilichovunja ukimya ni mafuta ya moto.

Ilikuwa Ramadhani ya 2023, yapata saa kumi na moja jioni. Mama alikuwa barazani akichoma kaimati za kuuza, karai liko juu ya jiko la makaa, watoto wamejipanga na visahani. Mdogo wangu akaja akataka mia mbili. Mama akamwambia asubiri wanunuzi. Akalishika kopo la pesa, Mama naye akalishika, akamsukuma. Hakukusudia. Naamini hivyo mpaka leo, na Mama anaapa hivyo. Lakini karai liliyumba, na mafuta yakamwangukia Mama mkono wa kushoto, kuanzia kiganja mpaka kiwiko. Mdogo wangu akakimbia na kopo. Ndani mlikuwa na shilingi 340.

Usiku nilipofika, Mama alikuwa amerudi kutoka hospitali, mkono umefungwa bendeji nyeupe. Saa tisa usiku nikamsikia jikoni. Alikuwa anamwekea mwanawe daku, kwa mkono mmoja, sahani imefunikwa kawa. "Akija usiku na njaa?" aliniuliza. Nilikaa chini pale pale uani nikalia mpaka adhana.

Nilianza na kituo cha polisi. Sitakitaja. Afande aliyekuwa zamu alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Dada, hayo ni mambo ya nyumbani. Rudini mkae na wazee." Hakuandika kitu. Nikaondoka nimeinamisha kichwa kana kwamba mimi ndiye niliyemwagia mtu mafuta. Leo ningesimama pale pale. Tangu 2015 Kenya ina sheria ya kuwalinda watu na dhuluma za nyumbani, na imempa polisi wajibu wa kumwelezea aliyedhulumiwa haki zake na kumsaidia apate matibabu na hifadhi. Yule afande hakuwa na hiari ya kutuambia turudi kwa wazee. Nilikuwa na haki ya kuondoka na namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, na bila namba hiyo safari zote zinazofuata huwa nzito.

Tukakaa na wazee. Baada ya tarawehe walikuja Ami, Mjomba na majirani wawili. Ami akasema siri ya mtungi aijuaye kata, akamaanisha tunyamaze. Mjomba akasema apelekwe shamba, Msambweni. Alishapelekwa Msambweni mara mbili, na mara zote mbili alirudi kabla ya wiki kwisha. Akasomewa kisomo, na kwa hilo nawashukuru waliosoma, kwa sababu usiku ule alilala. Kuhusu vituo vya kulipia vya kuacha dawa, alishaingia viwili kwa fedha zangu na za mume wangu. Sina haja ya kurefusha habari hiyo.

Vijana wa kona ya mtaa nao walikuwa na ushauri wao. Mmoja alinifuata mpaka stendi ya tuktuk. "Dada, tupe elfu mbili tu. Hatakanyaga tena hapa." Sikumjibu ndiyo, lakini sikumjibu la papo hapo. Nililala na lile wazo usiku mzima, nikihesabu elfu mbili ni nini mbele ya mkono wa Mama. Asubuhi nikakumbuka yule kijana aliyepigwa mawe nyuma ya soko kwa ajili ya simu, na jinsi mamake alivyoletewa viatu vyake kwenye mfuko wa plastiki. Nikawapigia kuwaambia wasimguse.

Nikabadilisha kufuli. Hilo nalo nililifanya, na nalitaja kwa sababu karibu kila anayeniuliza juu ya jambo hili ameshalifanya au anakusudia. Alikuja saa nane usiku, akaugonga mlango mpaka mtoto wa mpangaji akaamka akilia, na Mama akamfungulia. Kufuli lilizuia nusu saa.

Mama ndiye aliyesema twende kwa Kadhi. Kwake yeye, jambo la haki likiwa zito hupelekwa huko. Tukaenda, Mama na buibui lake la Ijumaa, mimi na bahasha ya cheti cha kifo cha Baba. Karani aliyetupokea alikuwa mzee mpole wa kofia ya viua. Alitusikiliza, kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ametuuliza: "Nyumba ni ya nani?"

"Ya marehemu," Mama akajibu.

"Marehemu hamiliki, Bi. Ni ya nani sasa?"

Akavuta karatasi. Mjane, marehemu akiwa ameacha watoto, ana thumuni, yaani moja ya nane. Kinachobaki ni cha watoto, na mwanamume huchukua fungu la wanawake wawili. Wazazi wa Baba walishatangulia, na hakuwa na mke mwingine. Akaigawa nyumba vipande 32 ili hesabu iingie sawasawa: Mama vipande 4, mimi 7, mdogo wetu wa Malindi 7, na mdogo wangu 14. Akaigeuza karatasi ituelekee.

"Huyu mnayetaka kumtoa," akasema taratibu, "ndiye mwenye fungu kubwa kuliko nyote."

Mama aliitazama ile karatasi muda mrefu. Alikuwa amekaa nyumba ile tangu yu bibi harusi, amezaa mle, amefiwa mle, na fungu lake lilikuwa dogo kuliko la kila mtoto aliyemzaa. Sisemi haya kuipinga hesabu. Mama mwenyewe hakuipinga, alisema, "Mungu amegawa." Lakini pale ndipo nilipofahamu kuwa tulikuwa tumechanganya mambo mawili kama watu wote wa mtaani wanavyoyachanganya: nani ana fungu katika nyumba, na nani ana haki ya kulala ndani yake akiwa anamuumiza mwenzake.

Karani akatufafanulia. Katiba, kifungu cha 170, imempa Kadhi ndoa, talaka, mirathi na mambo ya hadhi ya mtu, pale wahusika wote wakiwa Waislamu na wakakubali kusikizwa naye. Mirathi yetu ataigawa, wakati wowote tukiwa tayari. Lakini amri ya kumzuia mtu kuikaribia nyumba kwa sababu ya vurugu haitoki pale. "Nendeni kwa hakimu," akasema, na akatuandikia jina la sheria nyuma ya ile ile karatasi ya hesabu. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo. Upande mmoja una hisa 14 za mdogo wangu, na upande wa pili una sheria tuliyomtolea nyumbani.

Tukapata mwanasheria kupitia msaada wa kisheria. Wanawake wa Mombasa wajue kuwa FIDA, shirikisho la mawakili wanawake, wana ofisi mjini humu, na kuwa tangu 2016 kuna sheria inayoitaka serikali itoe msaada wa kisheria kwa wasiojiweza. Mwanasheria wetu alikuwa msichana wa umri wa mdogo wetu wa mwisho, anamwita Mama "Mama" na kumshika mkono mzima akimvusha barabara. Alitueleza kwa lugha nyepesi. Sheria ile ya 2015 haihusu mume na mke peke yao. Inahusu pia watu wa familia na wanaoishi nyumba moja. Dhuluma si kipigo tu: kuharibu mali, kutisha, kunyang'anya fedha, vyote vimo. Na hakimu anaweza kumpa aliyedhulumiwa haki ya kukaa peke yake nyumbani na kumtoa mwingine nje, hata kama huyo mwingine ndiye mwenye nyumba, au ni mshirika katika nyumba. Umiliki haubadiliki. Anachozuiwa ni kukaa na kukaribia.

Nilimwuliza kama basi tungeweza kumfukuza tu kwa barua. Akasema mambo hutegemea mtu amekaa hapo kwa njia gani. Anayelipa kodi ni mpangaji na ana sheria zake. Aliyeingia katika ardhi ya mtu binafsi bila ruhusa hupewa ilani ya maandishi isiyopungua miezi mitatu, kwa mujibu wa sheria ya ardhi baada ya mabadiliko ya 2016, na mgogoro wake huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini mrithi ndani ya nyumba ya baba yake si mpangaji wala si mvamizi. Tungemtupia vitu nje, sisi ndio tungekuwa wakosaji. Kumbe lile kufuli langu lilikuwa kosa kwa sababu zaidi ya moja.

Ombi lilitakiwa litoke kwa Mama. Mimi nilidhani nitalibeba mimi, na nilikuwa nimejiandaa. Mwanasheria akasema Mama ana akili timamu, yeye ndiye aliyeungua, aseme mwenyewe. Hapo tulikwama siku kumi na moja. Mama alikataa. "Siwezi kumshitaki niliyemzaa." Nikamwambia si kumshitaki, hafungwi, ni kumtoa tu. "Na akitoka yuwala wapi?" Nikamwambia tutamlisha. "Yuwalala wapi?" Nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na jibu, na Mama akajua.

Alibadilisha nia Idd mosi. Hakunieleza sababu. Baadaye mpangaji mmoja aliniambia usiku ule alimsikia Mama akiusogeza mtungi wa maji nyuma ya mlango wa chumba chake kabla ya kulala. Nadhani aliusogeza usiku mmoja zaidi ya aliokuwa akiweza.

Tulirudi polisi, safari hii kwenye dawati la jinsia, na afande wa kike akaandika kila kitu: OB, fomu ya P3 ya kueleza majeraha, picha za mkono. Hati ya kiapo iliandikwa kwa Kiingereza. Hili liliniuma. Mama hajui Kiingereza, na anatakiwa aape kwamba maneno yale ni yake. Ikabidi nimtafsirie mstari kwa mstari, na mara mbili alinisahihisha: "Sikusema alinipiga. Nilisema alinisukuma." Mwanasheria akaifuta na kuandika upya. Mwishoni akaambiwa atie sahihi au dole gumba. Mama akachukua kalamu akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, taratibu, kama alivyofunzwa chuoni utotoni. Karani wa viapo akaitazama, akagonga muhuri.

Hakimu alitoa amri ya muda kwanza, bila mdogo wangu kuwepo, kwa kuwa mkono wa Mama ulikuwa ushahidi tosha wa dharura. Kisha mdogo wangu akapelekewa hati maskani. Nilikwenda na mpeleka hati ili nimwonyeshe. Alikuwa amekaa kwenye gogo chini ya mti wa mkungu, akaniona, akasema, "Dada, mkono wake waendeleaje?" Akaipokea karatasi. Nikampa ujumbe wa Mama na nauli ya kuja mahakamani.

Alikuja. Hilo sikulitarajia. Alikuwa ameoga, amevaa shati la Baba.

Nilikuwa nimemfundisha Mama maneno ya kusema. Hakimu alipomwuliza, "Mama, unataka mahakama ikufanyie nini?" akasahau yote niliyomfundisha. Akasema, "Nataka nilale." Chumba kikawa kimya. Hakimu akamgeukia mdogo wangu, akamsomea yaliyoandikwa kwa Kiswahili, akamwuliza kama ni kweli. Angeweza kukana. Mwanasheria alikuwa ametuambia wengi hukana. Mdogo wangu akasimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule, akasema, "Mheshimiwa, mamangu hasemi uongo."

Amri ikatoka: asikae nyumba ile, asiikaribie, asimsumbue Mama kwa njia yoyote, lakini wanaweza kuonana kwa shangazi yetu Kisauni ikiwa Mama mwenyewe anataka. Nakala ikapelekwa kituo cha polisi cha eneo letu. Akaambiwa kinachomngoja akiivunja: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili.

Walikuja maafande wawili kumsindikiza kuchukua vitu vyake. Vitu vyenyewe vilienea katika mkoba mmoja, lakini Mama aliupanga kama anayemsafirisha Hija: mashuka, mswaki mpya, sabuni, kikoi cha Baba, mahamri kumi yaliyofungwa gazetini. Maafande walingoja barazani bila haraka, na kwa hilo nawaombea kheri. Majirani walikuwa madirishani. Ami alipita ng'ambo ya barabara na hakusalimia, na mpaka leo hajaingia nyumba ile. Mdogo wangu alipofika mlangoni alisimama, akaugusa ule mlango wa nakshi ambao hakuwahi kuuza ijapokuwa ungemletea fedha kuliko vyote, akatoka.

Usiku ule Mama hakulala. Sikuwa na la kumwambia.

Wiki ya tatu aliivunja amri. Alikuja usiku na arosto, akilia chini ya dirisha. Mpangaji alinipigia simu, nikapiga kituoni nikiwa natetemeka, na safari hii hakuna aliyeniambia turudi kwa wazee, kwa kuwa karatasi ilikuwapo. Wakamchukua, akalala korokoroni. Asubuhi arosto ilikuwa imemkamata vibaya kiasi kwamba askari wenyewe walimtafutia daktari. Mama alijua, na siku mbili hakusema nami. Bado nadhani nilifanya sawa. Bado linaniuma.

Kisha nikalirudia lile swali la Mama. Yuwala wapi, yuwalala wapi. Mahakama haikulijibu, na si kazi yake. Hapo ndipo hisa 14 ziliporudi.

Tulikwenda kwa Kadhi kugawa mirathi, miaka minane tukiwa tumechelewa. Mdogo wangu naye alikuja, akakubali mbele ya karani yule yule na akatia sahihi. Nyumba hatukuiuza. Tuligawa mapato. Vyumba vitatu huleta shilingi 12,000 kwa mwezi. Ukitoa 800 za kodi ya uwanja na matengenezo madogo, zinabaki 11,200, na kila hisa inapata 350. Mama ana 1,400. Mimi 2,450, mdogo wetu wa Malindi 2,450, nasi zetu tunampa Mama. Mdogo wangu ana 4,900. Si sadaka wala si huruma ya dada; ni zake, alizoachiwa na Baba, na hakuna amri iliyozigusa.

Fedha taslimu mkononi zingemwua, na alilisema mwenyewe kabla yetu. Tukaandikiana: 3,000 hulipa chumba Kisauni, zinakwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Zinazobaki, 1,900, ziko kwa mama mmoja mwenye kibanda cha chakula pale mtaani, yeye hula na kuandikiwa. Nina daftari la kurasa 96 ambamo kila mwisho wa mwezi naandika kilichoingia na kilichotoka, naye anatia sahihi. Miezi ya mwanzo sahihi ilikuwa mkwaruzo. Nikilifungua daftari kwa mfululizo, naona jina lake likirudi herufi moja moja.

Kisauni tuliichagua kwa sababu ya kliniki ya methadoni. Dawa hutolewa bure, hunywewa mbele ya mhudumu, naye hutakiwa kufika kila siku, Idd na Krismasi. Haimpi mtu ulevi anaoutafuta, ila huizima arosto ili aweze kufikiri jambo jingine. Mwezi wa kwanza alikosa siku tisa, na kuna mwezi alikosa kumi na mbili. Tangu Mfungo Tatu mwaka huu amekosa mbili. Sisemi amepona. Nikisema hivyo Mama atanikemea, anaogopa kijicho. Wenye mtu wa namna hii nyumbani na hawajui pa kuanzia wanaweza kupiga 1192, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na 1195 kwa anayepigwa au kutishwa. Mimi sikuzijua namba hizo nilipozihitaji.

Wananiuliza, wengi kwa sauti ya chini baada ya swala au kwenye arusi: hukuona haya kumpeleka ndugu yako mahakamani? Niliona haya. Niliona haya zaidi siku nilipombadilishia Mama bendeji na ngozi ikafuatana na pamba, na miaka yote ya nyuma haya haikuwa imemsaidia mtu yeyote ndani ya nyumba ile, yeye mdogo wangu akiwa wa kwanza.

Alhamisi Mama hupanda tuktuk, huvuka Daraja la Nyali, huenda kwa Shangazi. Hubeba mahamri na mbaazi kwenye hotpoti. Alhamisi iliyopita nilimsindikiza. Mdogo wangu alikuwa ameshafika, amekaa kwenye mkeka, akainuka akambusu Mama mkono, ule wa kushoto, penye kovu. Walikula. Walizungumza habari za mvua, za mpangaji mpya, za paka wa uani aliyezaa. Tulipokuwa tunaondoka, akiwa ameshika mlango wa tuktuk ili Mama apande, aliuliza bila kumtazama:

"Mama, choo kimetiwa mlango?"

"Kimetiwa," Mama akasema. "Wa mbao. Fundi alikuja juzi."

Akatikisa kichwa, akaufunga mlango wa tuktuk polepole.